Mfupa umeunga, eksirei safi, mbona mguu bado unauma? Huu mwezi wa 14

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu habari za jioni.

Nakuja kwenu nimechoka. Mwaka jana mwezi wa tatu nilikuwa nimepanda bodaboda natoka Kihesa kuja mjini hapa Iringa, gari ndogo ikakata kona bila indiketa ikatuvaa ubavuni. Dereva wa boda alitoka na michubuko, mimi mguu wa kulia ukavunjika chini ya nusu ya muundi, mifupa yote miwili, ule mkubwa na ule mwembamba wa nje. Nikapigwa oparesheni, nikawekewa pleti na skrubu saba, magongo miezi minne. Mwezi wa tisa daktari akaitundika eksirei kwenye taa akaniambia umeunga vizuri kabisa, hata mimi nisiyejua kitu niliona ule mstari mweusi umepotea.

Sasa mguu unauma. Sio muda wote ila kila siku lazima. Asubuhi nikikanyaga sakafu kifundo kimekaza kama bawaba yenye kutu, nikitembea dakika kumi kinalegea, jioni kinaanza kuchoma, usiku kinapwita. Juzi nimejigonga kidogo tu kwenye ngazi ya daladala, kile kitu mwingine anasema aah anapita, mimi nilikaa kwenye siti machozi yananitoka mbele za watu mpaka konda akauliza nimeibiwa nini.

Nimerudi hospitali mara tatu. Mara ya mwisho daktari kijana akasema "kaka mfupa umepona, hapo hakuna kitu, utakuwa unawaza sana". Nikatoka pale nimeinamisha kichwa. Na nyumbani naona mke wangu ameanza kuniangalia kama nadeka.

Swali langu ni hilo hilo moja. Kama pameshapona, maumivu yanatoka wapi? Aliyepitia aje, mwenye ujuzi aje. Wauza dawa za kuchua naomba mnipite.

#2 Dogo wa Stendi
Pole sana mkuu. Vyuma hivyo. Binamu yangu alivitoa na miezi mitatu baadaye akarudi uwanjani. Katoe.

#3 Mzee wa Kitulo
Baridi kijana wangu. Mimi nilivunja mkono mwaka 1987 nimeanguka kwenye mparachichi nikiwa shule, na mpaka leo mvua ikitaka kunyesha mkono unaniambia siku moja kabla. Huku Makete mwezi wa sita na wa saba silali bila kuufunga sweta ya zamani. Mfupa uliovunjika hausahau. Na Iringa sasa hivi ndio baridi inaingia, angalia kama tangu mwezi wa nne maumivu hayajaongezeka.

#4 Nyundo ya Saba
Shikamoo mzee. Hiyo ya mfupa kukumbuka mvua nimeisikia kwa babu zangu wote ila naomba tuipime. Utafiti wa hali ya hewa na maumivu ya viungo umefanyika nchi nyingi na majibu yanagongana, wengine wanaona uhusiano mdogo wengine hawaoni kitu. Binadamu anakumbuka siku mkono uliuma na mvua ikanyesha, ile siku uliuma na jua likawaka anaisahau.

Na wale mtakaokuja kusema chuma kinavuta baridi, chuma kiko ndani ya mwili, kina joto lile lile la nyama inayokizunguka.

#5 Mzee wa Kitulo
Marahaba. Wewe hujavunjika.

#6 Mama Wawili
😂😂 Nyundo kapigwa nyundo.

Mleta mada pole kaka, nipo kwenye foleni ya kusoma majibu, mdogo wangu ana tatizo hilo hilo la bega.

#7 Mazoezi Tiba
Mkuu Kisiki pole. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, mwaka wa tisa kazini, na swali lako naulizwa karibu kila wiki kwa hiyo nisamehe kwa urefu.

Kwanza ondoa hiyo aibu uliyotoka nayo hospitali. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilirekebisha maana ya neno maumivu kiliyoiandika 1979, na humo wakaandika wazi kwamba mtu akisema anaumwa kauli yake iheshimiwe. Na kwamba maumivu ni hisia ya mwili na moyo kwa pamoja, inayoweza kuja pakiwa na jeraha au ikafanana tu na ile ya jeraha. Hicho kipande cha mwisho ndio chako.

Watu tunadhani maumivu ni kama geji ya mafuta, jeraha kubwa maumivu makubwa, jeraha limekwisha maumivu sifuri. Haiendi hivyo. Neva za mguuni hazibebi maumivu, zinabeba taarifa ya hatari, inapanda mpaka kwenye uti wa mgongo, pale inapunguzwa au inaongezwa, halafu ubongo ndio unaamua ukulinde kwa kukuumiza au la. Ukiumia vibaya mfumo wote huo unakuwa mkali, ni sawa na mtaa ulioibiwa, wiki nzima paka akiruka bati watu wote wanatoka na mapanga. Kwa wengi ukali unashuka mfupa ukipona. Kwa wengine haushuki. Ikipita miezi mitatu tunaita maumivu sugu, na hapo dawa ya jeraha pekee haitoshi maana tatizo limehamia kwenye ulinzi wenyewe.

Ila sitaki kukupa jibu bila kukuuliza. Shuka likigusa mguu usiku panauma? Mguu unabadilika rangi au kutoa jasho kuliko mwenzake? Kuna sehemu ina ganzi? Umewahi kuona usaha au homa? Na ulifanya mazoezi na mtaalamu baada ya magongo au ulijiendea mwenyewe?

#8 Dogo wa Stendi
Kwa hiyo unamwambia yuko sawa na yule daktari alivyosema, maumivu yako kichwani? Maneno mengi jibu lile lile.

#9 Mazoezi Tiba
Hapana Dogo. Yule alisema hapo hakuna kitu. Mimi nasema kipo, na kinaonekana kwa vipimo vya watafiti, neva zinarusha taarifa kwa mguso mdogo ambao zamani zisingejibu. Njaa nayo inapikwa kwenye ubongo na hakuna anayemwambia mwenye njaa anajifanya.

#10 Kisiki cha Mpingo
Asanteni wakuu. Mkuu Mazoezi nakujibu moja moja.

Shuka hapana, ila soksi ndio, ule mpira wa juu wa soksi ukikaa juu ya kovu upande wa ndani ni kama mtu kagusisha waya wa umeme, unarusha mpaka kwenye kidole gumba. Chini ya kovu pana ganzi, ukubwa wa kiganja. Rangi kawaida. Usaha sijawahi kuona. Mazoezi nilipewa karatasi yenye picha nne nikaambiwa nifanye nyumbani, nilifanya wiki mbili nikaacha maana kila nikifanya jioni panauma zaidi nikaona naharibu. Mguu wenyewe umekonda, ndama ya kulia ni kama mpini wa jembe ukilinganisha na ya kushoto.

Mzee wa Kitulo ni kweli tangu mwezi wa nne imeongezeka. Ila hata mwezi wa kumi na mbili kwenye joto iliuma.

#11 Sista wa Thieta
Nilikuwa napita tu ila hiyo ya soksi imenisimamisha.

Mimi nafanya kazi chumba cha upasuaji. Pale upande wa ndani wa muundi hakuna nyama, ni ngozi halafu mfupa, jipapaseni wote mtaona. Pleti ikikaa pale inakuwa karibu sana na ngozi, na kuna neva nyembamba ya ngozi inapita hapo hapo ikishuka kuelekea kifundo. Inaweza kukatwa au kuvutwa wakati wa oparesheni, au ikaja kunaswa na kovu baadaye. Ganzi chini ya kovu na umeme ukigusa, hiyo ni lugha ya neva iliyoumia, na eksirei haioni neva kabisa. Eksirei inaona mfupa na chuma. Daktari akisema eksirei safi amesema kweli, amesema nusu.

Gusa kovu lako kwa ncha ya kidole kidogo kidogo, ukipata nukta moja ambayo ukiigonga inarusha umeme iweke alama ya peni uende ukamwonyeshe daktari wa mifupa. Alama ya peni inasaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

#12 Chachandu
Mimi nakumbuka nilisoma kuna daktari Mwingereza vita ya kwanza ya dunia aliona wanajeshi waliokatika miguu hawalii kabisa, wanaomba sigara tu. Kwa hiyo anachosema Mazoezi ni kweli kuumia na kuumwa ni vitu viwili.

#13 Nyundo ya Saba
Chachandu umechanganya kidogo. Alikuwa Mmarekani, Henry Beecher, daktari wa nusukaputi, na ni vita ya pili, Italia kule Anzio 1944, alichapisha 1946. Na hakusema hawaumwi kabisa, alisema karibu robo tatu ya majeruhi wabaya walipoulizwa kama wanataka dawa ya maumivu walisema hapana. Maelezo yake ni kwamba kwa askari jeraha lilikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai, wakati raia akipata jeraha kama hilo ndio maisha yake yanaharibika.

Sasa mleta mada fikiria wewe uko upande gani. Hukutoka vitani, ulitolewa kazini.

#14 Kisiki cha Mpingo
Hapo umenigusa. Mimi ni fundi wa kupaua. Sijapanda paa tangu siku ile.

#15 Mwana wa Haydom
Kwenye mada ya maumivu huwezi kupita bila mzee wetu John Stephen Akhwari, Olimpiki ya Mexico 1968, alivunjika mguu katikati ya marathoni akamaliza mbio na mguu umevunjika! Hao ndio wanaume. Mkuu Kisiki jikaze.

#16 Nyundo ya Saba
Hakuvunjika mguu. Alianguka, goti likateguka, na bega likajigonga chini. Alimaliza wa 57, na walioanza walikuwa 75, yaani 18 hawakumaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20, Akhwari akaingia uwanjani saa moja na zaidi baadaye jua limezama na goti limefungwa bandeji.

#17 Mwana wa Haydom
Sawa nimepokea, ila bado ni mwanaume wa Mbulu.

#18 Mama Wawili
Kaka naomba nikupinge kwa heshima. Akhwari alikimbia siku moja akajua mstari wa kumalizia uko wapi. Kisiki ana miezi 14 na hajui mstari uko wapi. Kumwambia mtu jikaze kila siku ni kumzidishia.

#19 Mazoezi Tiba
Naungana na Mama Wawili. Na kitu kinachosahaulika, miaka miwili baadaye, 1970 kule Edinburgh, mzee Akhwari alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola. Goti lile lile. Mimi hiyo ya Edinburgh ndio huwapa wagonjwa wangu, maana hapo katikati kulikuwa na miezi ya kujijenga ambayo hakuna aliyepiga picha.

#20 Fundi Mbavu
Nyie mnazunguka tu. Bibi yangu kule Kilosa alikuwa anaunga mifupa, watu walikuja wamebebwa kwenye kitanda wakaondoka wanatembea. Alikuwa anaweka mabanzi ya mianzi, anafunga, na wiki za mwisho anachua na mafuta ya nyonyo ya moto asubuhi na jioni. Hakuna aliyekuja kulalamika mwaka unaofuata. Hospitali wanaunga mfupa halafu wanakuacha na nyama iliyokufa. Kuchua ndio kunarudisha damu.

#21 Sista wa Thieta
Waliokuja kulalamika walikuja kwetu Fundi. Nimepokea mtoto ambaye mabanzi yalibana mpaka vidole vikawa vyeusi, na hatukuweza kuviokoa vyote. Sisemi wote ni hivyo, bibi yako huenda alikuwa na mkono mzuri, ila waliopona ndio wanaosimulia.

#22 Mazoezi Tiba
Fundi Mbavu hujakosea kote. Ukijigonga muundi kitu cha kwanza unachofanya ni kusugua, mtoto mdogo hajafundishwa naye anasugua. Mwaka 1965 Melzack na Wall waliandika maelezo yao, kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama geti, taarifa ya mguso ikipita kwa wingi inabana taarifa ya maumivu isipite yote. Sehemu za nadharia zimerekebishwa baadaye ila wazo la geti limebaki. Kwa hiyo kuchua taratibu kunatuliza kweli. Ninachopinga ni kuchua mfupa ambao haujaunga, au mguu wenye joto na uvimbe usiojulikana umetoka wapi.

#23 Bahari Yangu
Assalaam aleikum. Mimi niko Tanga, nilivunjika kifundo cha mkono wa kushoto nimeteleza kwenye ngazi zenye maji, nikafungwa hogo la plasta wiki sita. Lilipokatwa, mkono uliotoka mle sikuujua. Umevimba, unang'aa, una jasho, mara mwekundu mara wa bluu, kucha zinakua haraka upande mmoja, na upepo wa feni ukinipiga nalia. Nikisikia mtu anafungua mlango nauficha mkono kifuani. Kwa vidole nilishindwa hata kufunga kifungo cha mwanangu.

Waliniambia kwa jina refu, kwa kifupi ni ugonjwa wa neva unaokuja baada ya kuumia, hata mvunjiko mdogo unaweza kuuleta. Yule dada wa mazoezi hakunipa kidonge, alinipa beseni la mchele. Nitumbukize mkono mara nne kwa siku, siku za mwanzo nilitumbukiza ncha za vidole tu nikahesabu kumi nikatoa. Nilihisi kama natia mkono kwenye vigae. Baada ya wiki naingiza mpaka kiganja. Halafu pamba, halafu kanga mpya yenye wanga, halafu taulo gumu. Mwezi wa tatu nikaambiwa sasa chambua mchele kweli, toa chuya na mawe, wa kupika. Siku nilipochambua sinia zima nilimwita mume wangu aje aone.

Haujarudi asilimia mia, miaka mitatu sasa, asubuhi unakaza. Lakini nabeba ndoo.

#24 Kisiki cha Mpingo
Dada Bahari nimesoma hii mara mbili. Hapo kwa kuficha mkono kifuani, mimi nafanya hivyo na mguu. Nikipanda gari nautangulizia upande wa dirisha watu wasiuguse.

#25 Wuod Kisumu
Hamjambo nyote, nawasoma kutoka Kenya. Langu ni kuhusu dawa. Mimi nilikuwa na nyonga, nikawa nanunua diklofenaki, kidonge cha maumivu, kwa duka bila kuandikiwa, mbili kwa siku karibu mwaka mzima, mpaka siku moja nikatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinavuja damu. Baadaye nikapewa tramado, dawa kali ya maumivu, hiyo nayo ikanishika, nilikuwa nameza hata siku haiumi ndio nisitetemeke. Kuitoka ilichukua miezi na daktari akinipunguzia pole pole. Ndugu Kisiki hujatuambia unameza nini.

#26 Kisiki cha Mpingo
Diklofenaki. Kila siku. Tangu mwezi wa tisa.

#27 Sista wa Thieta
Kaka hiyo usiifanye tena kimya kimya. Tumbo, figo, presha, vyote vinaguswa. Na kama ni neva hiyo dawa haiifikii vizuri, maumivu ya neva yana dawa zake, nyingine ni za sonona au kifafa kwa dozi ndogo, ukiandikiwa usije ukakasirika ukadhani umeitwa kichaa. Aandike daktari, usinunue kwa kusoma hapa.

#28 Dogo wa Stendi
Na barafu je? Sisi uwanjani mtu akiumia barafu kwanza.

#29 Nyundo ya Saba
Barafu inapoza maumivu kwa muda, basi. Ile kanuni ya pumzika, barafu, bana, inua, ilitolewa na daktari Mmarekani Gabe Mirkin mwaka 1978, na baadaye yeye mwenyewe akabadilisha msimamo akasema barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona maana uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya ukarabati.

#30 Dogo wa Stendi
Miaka yote nabeba barafu kwenye ndoo ya timu 😭

#31 Mama Wawili
Bora ulileta na maji ya kunywa.

#32 Mjukuu wa Mkoma
Naongeza moja ambayo haijaguswa. Baba yangu alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya sukari. Wiki ya pili akaanza kulalamika kidole kidogo kinawasha, kidole ambacho hakipo. Halafu kikawa kinauma, anasema kimejikunja kimebana na hawezi kukikunjua. Usiku anapapasa shuka anakitafuta. Sisi watoto tukawa tunaogopa, mama akasema ni mambo ya kuuzika ule mguu vibaya, kwamba ulizikwa umekunjwa. Wakataka kwenda kuufukua.

Mtaalamu mmoja akaleta kioo kirefu, kile cha kujitazama, akakiweka katikati ya miguu, baba akawa anaangalia mguu mzima ndani ya kioo kama vile yote miwili ipo. Akaambiwa akunjue vidole vya mguu mzima taratibu. Alikunjua, akatulia, akasema "kimefunguka". Mzee mwenyewe alishangaa kuliko sisi. Haikuisha siku hiyo, na kuna wiki kioo hakikusaidia kitu, lakini usingizi ulirudi.

#33 Nyundo ya Saba
Hicho kioo kilianzishwa na Ramachandran miaka ya 1990. Haisaidii kila mtu, ila ni kweli ipo.

Sasa huyo baba hana kidole na kinauma. Kisiki ana mfupa umepona na unauma. Dogo, bado unasema ni vyuma?

#34 Dogo wa Stendi
Baba wa Mkoma hana vyuma, Kisiki anavyo. Nabaki na vyuma.

#35 Mlinzi wa Zamu
Wakuu kabla hamjamaliza kumweka kwenye ubongo na neva, mjomba wangu aliambiwa hivyo hivyo umepona, mwaka wa pili ngozi ikatoboka pembeni ya kovu ikatoka maji maji halafu usaha. Kumbe bakteria walikaa kwenye pleti muda wote kimya. Mfupa ulikuwa unaoza ndani. Alifunguliwa mara tatu, chuma kikatolewa, akala antibayotiki wiki na wiki. Maumivu ya usiku yanayopwita, hiyo ndio ilikuwa dalili yake ya kwanza.

#36 Mazoezi Tiba
Asante Mlinzi, hiyo ni lazima iangaliwe kabla ya kunisikiliza mimi. Kisiki, homa za jioni, joto kwenye kovu, uvimbe mpya, ngozi kutoboka, au maumivu yanayoongezeka hata ukiwa umelala, usisubiri. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili unapambana na maambukizi, hakichukui muda.

Ukishatoka huko, lile la mazoezi. Uliacha kwa sababu jioni iliuma zaidi, ukaona unaharibu. Mfupa ulioshaunga unahitaji mzigo, Julius Wolff aliliandika hilo tangu 1892, mfupa unajijenga kufuata kazi unayopewa. Ila mfumo wako wa ulinzi hauna imani na wewe, ukiuamsha kwa kishindo unapiga kelele. Anza na kiasi ambacho kesho yake asubuhi hakijaongeza maumivu kuliko jana. Hesabu nguzo za umeme. Kama nguzo nne ziko sawa, kaa na nne wiki nzima hata siku unayojisikia unaweza kumi. Hasa siku hiyo.

#37 Fundi Mbavu
Na chua.

#38 Mazoezi Tiba
Na chua, kovu, kwa kidole, taratibu, dakika tano. Umeshinda Fundi.

#39 Kisiki cha Mpingo
Wakuu, nimerudi. Wiki ya nne leo. Samahani nilipotea, sikuwa na bando na pia nilitaka nije na kitu mkononi.

Nilienda hospitali nyingine na alama ya peni kama Sista alivyosema. Damu imepimwa, hakuna dalili ya usaha, hilo nimeshukuru Mungu. Daktari mkubwa akapapasa alama, nikaruka. Akasema anaona mambo mawili. Skrubu ya chini kabisa kichwa chake kimeinuka kidogo chini ya ngozi, hata ukipitisha kidole unaisikia, na neva ya ngozi imebanwa na kovu karibu hapo. Dogo wa Stendi una pointi yako hapo. Lakini akasema pia akitoa vyuma hawezi kuniahidi maumivu yataondoka, wengine yanaondoka wengine yanabaki, na mashimo ya skrubu yanaacha mfupa dhaifu kwa muda kwa hiyo paa nisiliguse tena miezi kadhaa. Yule wa mazoezi wa pale pale akasema tusikimbilie kutoa, tujaribu miezi mitatu kwanza. Wawili chumba kimoja hawakukubaliana, wakaniambia niamue mimi.

Diklofenaki nimeacha, nimeandikiwa kile kidonge kidogo cha usiku. Mdomo unakauka lakini nalala mpaka saa kumi.

Nguzo: nilianza tatu, kutoka kwangu mpaka duka la mpemba. Sasa ni saba. Bado inauma, sitaki kuwadanganya, ila jana nimegundua nimefika ya saba nikiwa nawaza hesabu ya mabati ya mteja na siuwazi mguu. Mke wangu amesoma uzi huu wote, jana usiku amelichua kovu mwenyewe na mafuta ya nyonyo.

#40 Bahari Yangu
Maashallah kaka. Beseni la mchele je?

#41 Kisiki cha Mpingo
Lipo dada. Tunatumia maharage, mchele umepanda bei.

#42 Dogo wa Stendi
Nimesoma mpaka skrubu ya chini nikasimama. Toa vyuma mkuu.

#43 Sista wa Thieta
Asitoe kwanza. Amepewa miezi mitatu aitumie.

#44 Mzee wa Kitulo
Kijana nimefurahi. Nyundo ya Saba na mimi nina taarifa. Uliniambia tupime, basi nikachukua daftari la mjukuu, kila mkono ukiuma naandika kabla sijatoka nje. Wiki nne hizi umeuma mara tisa. Mara sita siku ile au ya pili yake pakawa na mvua au ukungu mzito.

#45 Nyundo ya Saba
Shikamoo mzee. Na siku za mvua au ukungu ambazo mkono haukuuma zilikuwa ngapi?

#46 Mzee wa Kitulo
Marahaba. Hizo sikuandika. Naanza kesho.

#47 Mama Wawili
Mazoezi Tiba upo? Naomba turudi kwa mdogo wangu wa bega, yeye hakuvunjika popote, aliamka tu asubuhi mkono haupandi kufika kwenye nywele, ana miaka 46 na ana sukari. Tuanzie wapi?